Kabla ya kununua mipira ya matone, hesabu zamu yako

Kila anayepita shambani kwangu huuliza swali lile lile: hii mipira ya kumwagilia umenunua bei gani? Namtajia bei, kisha nami namuuliza: kwenu zamu ya maji inarudi baada ya siku ngapi? Wengi hunitazama kama nimekwepa swali. Sijakwepa. Kwenye mfereji wetu yapo mashamba ambako mipira ya matone imeishia kuwa kamba ya kuanikia nguo na kufungia mbuzi, na haikuwa mibovu. Kilichowashinda wenyewe ni zamu.

Nalima nyanya na vitunguu wilaya ya Same, tambarare ya magharibi chini ya milima ya Upare. Ukiwa kwenye basi la Dar kwenda Moshi unaona mkonge, miiba na vumbi, halafu ghafla kipande cha kijani. Hapo pana mfereji. Mvua huku chini miaka mingi haifiki milimita 600, lakini juu milimani inanyesha, na wazee wetu walijua tangu zamani kuyashusha maji yale kwa mifereji na kuyalaza kwenye ndiva, mabwawa madogo ya mawe na udongo yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yakifunguliwa yaende kwa nguvu. Shamba langu, eka moja niliyoachiwa na baba, liko mkiani mwa mfereji. Aliye mkiani anajua mwenyewe: maji yanamfikia wa mwisho, yamepungua, na mara nyingi yanamfikia usiku. Nimeshika jembe na tochi usiku wa manane miaka mingi, mtoto mmoja akinisindikiza kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya watu.

Vuli ya 2021 iligoma. Wenzetu wa Simanjiro, ng'ambo ya Mto Pangani, walipoteza mifugo kwa maelfu. Sisi wa mfereji tulikuwa na nafuu kidogo, lakini zamu iliyokuwa ikirudi kila wiki ilisogea ikawa siku 10, kisha zaidi. Nyanya zangu zilikuwa kwenye maua. Maua yakapukutika, na zile zilizokuwa zimeshafunga zikatoka na kitako cheusi. Bwana shamba aliniambia si ugonjwa wa kupulizia dawa. Ni mmea kushindwa kupandisha madini ya kalsiamu kwa sababu unapata maji mengi leo, kisha unakaa na kiu siku nyingi. Msimu ule nilivuna matenga ya kuhesabu kwa vidole, na fedha ya mbegu na dawa ilikuwa ya mkopo.

Mwaka uliofuata nikaenda Nane Nane, viwanja vya Themi, Arusha. Pale ndipo nilipouona umwagiliaji wa matone ukifanya kazi mbele yangu: tuta limenyooka, mpira mweusi umelala juu yake, kila sentimita 30 tone linadondoka, na katikati ya mistari udongo mkavu hata jani la kwekwe hakuna. Muuzaji alisema nitaokoa robo tatu ya maji. Seti ya robo eka, yenye mipira, filta, koki na viungio, ilikuwa kama laki nane na nusu. Nilirudi nyumbani nimeshawishika kabisa.

Kilichonisaidia nisilipie siku ile ni kwamba sikuwa na fedha. Katika ile miezi ya kuitafuta ndipo nilipoanza kuuliza yale maonyesho yanapata wapi maji. Jibu ni bombani. Maji safi, yapo asubuhi, yapo jioni, yanakuja na msukumo. Mfereji haukupi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Unakupa maji mengi kwa mara moja, yamejaa tope, hayana msukumo, kisha yanakwenda kwa wengine hadi zamu irudi. Nyanya iliyo kwenye mpira wa matone haina akiba ya maji kwenye udongo kama ile iliyofurikiwa. Inakunywa kidogo kila siku, na siku unayoinyima, hasa Januari au Septemba, inakuonyesha kabla ya saa nane mchana. Kwa hiyo mtu anayefunga mipira moja kwa moja kwenye mfereji wa zamu amenunua njia ghali ya kuua nyanya. Jirani yangu wa juu alifanya hivyo. Kwa wiki mbili alikuwa anachota maji kwa ndoo kuyamimina kwenye tanki, akachoka, akarudi kwenye matuta. Hao ndio wenye mbuzi wa kufungia.

Nikakaa na kalamu. Ningependa kila anayesoma akae na kalamu vilevile, kwa hiyo naweka hesabu yangu hapa ilivyo.

Pale maji yanapoingia shambani kwangu pana jiwe, maji yanadondoka kama hatua moja. Niliweka ndoo ya lita 20 chini yake, mtoto akiangalia saa ya simu. Ilijaa kwa sekunde 4 hivi. Hiyo ni lita 5 kwa sekunde, au lita 18,000 kwa saa. Zamu yangu ni saa sita, maana yake lita 108,000, na zote nilikuwa nazimwaga kwenye nusu eka, kwa sababu nusu ya pili sikuwa na maji ya kuifikia. Upande wa mahitaji: nyanya zilizokomaa huku kwetu kwenye jua kali zinataka kama milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Robo eka ni karibu mita za mraba 1,000. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo robo eka inataka kama lita 4,500 kwa siku, lita 31,500 kwa wiki.

Hesabu hiyo ilinionyesha mambo mawili. La kwanza, nikiweka nusu eka nzima kwenye matone ningetumia kama lita 63,000 kwa wiki badala ya 108,000. Naokoa kama asilimia 40, si robo tatu. Bado ni nyingi, lakini mtu akikuahidi zaidi, mwombe naye akae na kalamu. La pili, na ndilo lililogeuza mpango wangu wote, ni kwamba tanki la lita 5,000 alilotaka kuniuzia yule muuzaji lingenitosha siku moja. Zamu inarudi baada ya siku 7, kiangazi 10. Hizo siku nyingine tisa nyanya zinywe nini?

Nilihitaji bwawa.

Na bwawa kwenye shamba la mfereji si jambo la kuchimba tu. Mfereji wetu una kamati, una mgawa maji, una msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua matope, ambao usipofika unalipa faini. Kibali cha kutumia maji, kinachotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ni cha kikundi, si cha mtu mmoja. Ukionekana unachimba shimo kubwa na kulitandika plastiki, neno la kwanza linalotembea ni kwamba fulani anataka kuficha maji. Niliambiwa lilishatembea kabla sijamaliza kupima kwa kamba.

Nikaenda kwenye kikao cha kamati mwenyewe. Mwanamke peke yangu mbele ya wazee, nimebeba karatasi ya hesabu. Nilisalimia, nikaeleza, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Kisha mwenyekiti akauliza, "Mwanangu, maji ukishayalaza humo, zamu ikija tena utadai saa sita zako au utadai zilizopungua?"

Swali lilikuwa zito kuliko nilivyolitegemea. Nilijibu kwamba bwawa linajaa kwa saa mbili na nusu, na saa zinazobaki naziachia mfereji kwa muda wote ambao nitamwagilia kwa matone, lakini jina langu lisifutwe kwenye daftari la saa sita, kwa sababu msimu nikishindwa nitarudi kwenye matuta. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akasema basi hiyo ni ndiva, tofauti ni kwamba iko shambani kwa mtu. Wengine wakacheka, na ubishi ukaisha hapo. Katibu akaandika. Nilisoma alichoandika kabla sijatia sahihi, na mwombe katibu wako akuache usome. Neno "kwa muda" ndilo lililonisaidia baadaye.

Bwawa nililichimba pembe ya juu ya shamba, karibu na maji yanapoingia. Juu lina mita 8 kwa 6, chini mita 5 kwa 3, kina mita moja na nusu, kuta zimelala kwa mshazari. Linabeba kama lita 45,000. Kuta zikisimama wima udongo wetu unaporomoka na plastiki inachanika, usikubali kibarua akuharakishie. Karatasi ya plastiki ya mabwawa nilikata mita 11 kwa 9 ili ifunike chini, ipande kuta zote nne, na ibaki pindo la kufukia kwenye mtaro kuzunguka ukingo. Kabla ya kutandika tulipita na mikono, si kwa macho, tukitoa kila jiwe na kila mzizi, kisha tukamwaga mchanga. Jua linakula kama milimita 6 za maji kwa siku kutoka juu ya bwawa, karibu lita 300. Kwa wiki ni lita 2,000, si haba, lakini kufunika kungenigharimu zaidi ya maji yenyewe.

Uzio si wa hiari. Plastiki yenye maji inateleza, mtu mzima akitumbukia hawezi kupanda, sembuse mtoto. Nimezungushia miiba na waya, na ndani nimefunga kamba yenye mafundo pande mbili, imening'inia hadi kwenye maji, ili aliyeanguka apate cha kushika. Wafugaji wakipita kiangazi wanaomba maji ya ndama. Nawapa kwa ndoo nje ya uzio. Kuwanyima ni kutafuta uzio ukatwe.

Sasa fedha, maana najua wengine wameruka aya zote kuifikia hii. Plastiki laki saba. Kuchimba laki moja na themanini. Simtanki la lita 5,000 milioni moja na laki moja. Jukwaa la tanki la mawe na saruji laki mbili na nusu. Pampu ya petroli ya inchi mbili, iliyotumika, kutoka mkononi mwa mtu, laki tatu. Uzio laki moja na ishirini. Mipira, filta na koki laki nane na nusu. Jumla milioni tatu na nusu, kwa robo eka. Utaona mipira yenyewe, ile inayoulizwa na kila mpita njia, ni robo tu ya gharama. Milioni moja na nusu nilikopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikauza ng'ombe wa maziwa, nyingine nikajibana. Kumuuza ng'ombe kulinigombanisha na dada yangu, na sikumlaumu. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa ada ya mwanawe.

Kwenye orodha hiyo, kitu ambacho leo ningepunguza ni tanki. Ukiwa na bwawa, tanki halihifadhi maji tena, kazi yake ni kuyainua tu yapate msukumo. Lita 2,000 zinatosha, unajaza mara mbili au tatu. Na jukwaa linakuwa rahisi, kwa sababu lita moja ni kilo moja: tanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano zimekaa juu ya kichwa chako. Kuna mtu kijiji cha pili alisimamisha lake juu ya nguzo za miti, likaegemea upande siku ya kwanza kujaa. Halikuanguka juu ya mtu, nashukuru.

Jukwaa langu lina urefu wa mita moja na nusu. Huo ni msukumo mdogo sana, na mipira mingi inayouzwa imetengenezwa kwa msukumo unaopatikana kwenye tanki lililoinuliwa mita 10. Uliza waziwazi mpira unaouziwa kama ni wa msukumo mdogo. Hata ukiwa ndio, mstari ukizidi mita 25 au 30 mwisho wake unapata machozi. Nilikata mistari yangu mifupi, nikaigawa robo eka kwenye kanda nne, kila kanda na koki yake, nafungua moja moja. Siku ya kwanza usipande kitu. Chukua makopo matupu ya aina moja, weka moja chini ya tundu la kwanza la mstari na jingine chini ya tundu la mwisho, subiri nusu saa, linganisha. La mwisho likiwa na nusu ya la kwanza, nyanya za mwisho zitakuwa nusu ya za kwanza. Mimi nilihamisha koki mbili baada ya jaribio hilo.

Majirani walikuja kuangalia. Wakasema nimewalaza wagonjwa, nimewatundikia dripu. Utani huo ulidumu msimu mzima, na mpaka leo shamba langu linaitwa wodini.

Adui mkubwa wa matone kwenye maji ya mfereji ni tope. Wakati wa masika maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa. Bwawa linasaidia sana hapa, kwa sababu tope linazama. Jaza, liache lilale siku nzima, kisha vuta maji ya juu. Mdomo wa bomba la kunyonyea nimeufunga kwenye dumu tupu lielee, ili usifike chini. Baada ya hapo kuna filta. Ukiifungua filta yangu asubuhi ya zamu mpya utakuta visahani vya plastiki vimebanana, vimepakwa ute wa kijani na kahawia unaonuka kama dimbwi la bata. Naviachanisha kimoja kimoja na kuvisugua kwa mswaki wa zamani ndani ya beseni. Kazi yenyewe ya dakika 10. Kisha kila wiki nafungua miisho ya mistari, yote, na kuachia maji yatoke kwa kasi hadi yawe meupe. Mara ya kwanza unafungua unaona kama mstari mzima ni mzima, matone yapo, kisha linatoka donge refu la tope jeusi na unaelewa ulikuwa umebakiza siku chache tu.

Mbolea nayo inaziba. Watu hupenda kuyeyusha mbolea kwenye tanki ili mmea ule kupitia mpira, na ni jambo zuri, lakini si kila mbolea inayeyuka. CAN ina chokaa ndani yake, inaacha mashapo. DAP inaacha. Urea inayeyuka vizuri. Zile za kuyeyuka kabisa zipo madukani, zinauzwa kwa kilo, na bei yake inauma. Kipimo changu ni chupa ya maji ya plastiki: tia kijiko cha mbolea, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi kukiwa na kitu chini, mbolea hiyo inakwenda shimoni kwa mkono, haiingii kwenye tanki. Na usichanganye nitrati ya kalsiamu na mbolea yenye fosfati au salfeti katika maji yale yale, zinagandana na kuwa mashapo magumu ndani ya matundu. Hiyo huitoi kwa mswaki.

Kuna mengine madogo. Vibarua wetu wamezoea kupalilia kwa jembe, nao mpira hawauoni, kwa hiyo wiki ya kwanza ulikatwa sehemu nyingi kuliko nilivyokuwa na viungio. Sasa palizi ya kwenye tuta ni kwa mkono tu, na kwa kuwa katikati ni pakavu, palizi yenyewe imepungua hadi nalipa vibarua chini ya nusu ya zamani. Panya hutafuna mipira kiangazi wakitafuta maji. Nimewawekea vifuniko vya ndoo vyenye maji pembeni mwa shamba. Wamepungua, hawajaisha.

Msimu wa kwanza nyanya zilikubali hasa. Hakuna kitako cheusi, matunda yanalingana, na usiku nalala nyumbani, kwa sababu zamu ikija usiku ni kufungua lango la bwawa na kulifunga baada ya saa mbili na nusu. Hilo la usiku silitii kwenye hesabu ya fedha, lakini kama ningeulizwa nimenunua nini kwa milioni tatu na nusu, ningelitaja kabla ya nyanya. Fedha yenyewe ilikataa. Nilivuna pamoja na watu wa Hai na wote wa Lushoto, tenga lililoanza elfu 30 likashuka hadi elfu 9, na madalali wakanifuata shambani kwa dharau. Mauzo yote hayakufika milioni mbili. Kantangaze, wadudu watoboao nyanya, nao walichukua chao, maana matone hayafukuzi mdudu. VICOBA nililipa kwa kuchelewa, na kuchelewa kule kulinipa aibu ambayo sikuwahi kuipata kwenye kikundi.

Faida ilikuja nilipoacha kutumia matone kulima wakati kila mtu analima. Januari na Februari mfereji unakuwa mwembamba na wengi hawathubutu kuhamisha miche. Hapo ndipo lita 4,500 kwa siku zinapokuwa na thamani. Nilihamisha miche wakati huo, nikavuna Aprili na Mei, mvua zilipokuwa zinawaozeshea wengine kwa ukungu. Nami nilipulizia dawa ya ukungu mno, sikudanganyi, lakini tenga lilisimama elfu 45. Msimu huo mmoja ulilipa mkopo na kurudisha zaidi ya nusu ya mtaji, na dada yangu alipata ndama.

Chumvi sikuambiwa na muuzaji wala na yeyote. Ardhi yetu ya bondeni ina magadi. Ukifurikisha maji, chumvi inasukumwa chini. Matone yanaloanisha duara tu, na chumvi inasogezwa hadi kwenye ukingo wa duara hilo na kubaki hapo. Baada ya misimu michache utaona mstari mweupe pande zote mbili za tuta. Hatari yake inakuja siku ya mvua ndogo ya kwanza, ile ya kulowanisha vumbi: inaisukuma chumvi irudi kwenye mizizi. Mvua hiyo ikianza, wengi huzima matone kwa furaha. Usizime. Acha yaendelee hadi mvua iwe ya kweli. Na mara moja kwa mwaka, mavuno yakiisha, natumia saa zangu sita zote kufurikisha ile robo eka na kuisafisha. Ndiyo maana lile neno "kwa muda" kwenye kitabu cha kamati lilikuwa na kazi, maana kuna aliyesimama kudai kwamba saa zangu nilishazitoa moja kwa moja.

Aliyedai hivyo alikuwa mkulima wa juu. Na hapa niseme jambo ambalo watu wa semina hawalipendi. Wanasema ukiokoa maji, wa chini yako wanapata. Chini yangu hakuna mtu, mimi ndiye mkia. Saa tatu na nusu nilizoziachia mfereji hazikwenda kwa wa mkiani wenzangu wala hazikushuka kwenda Mto Pangani. Zilichukuliwa huko huko juu, na aliyezichukua akafungua nusu eka mpya ya mahindi. Maji niliyoyaokoa kwa mkopo yakawa shamba la mwingine. Sikukasirika sana, mahindi ni chakula, ila kama unaokoa maji kwa kusudi la kuwasaidia fulani, kamati iandike jina la fulani kabla hujaanza. Ilichukua vikao kadhaa hadi tukakubaliana kwamba saa hizo kiangazi zigawiwe kwa wajane wawili wa mkiani, mmoja akiwa ananizidi shida mara nyingi.

Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, kinyume kabisa cha ile ya 2021. Banio linaloingiza maji mferejini lilichukuliwa na mto, mfereji ukajaa mawe, msaragambo ukawa karibu kila siku. Aliyekuwa na matone alikuwa sawa na asiye nayo. Bwawa langu liliingiwa na tope hadi magotini, tukalitoa kwa ndoo na kwa mikono kwa kuwa koleo lingechana plastiki. Tangu hapo nimechimba kishimo kidogo kabla ya bwawa ambacho maji yanapumzika kwanza, na hicho nakisafisha kwa koleo bila hofu.

Vitunguu bado nalima kwa majaruba kwenye robo eka ya pili. Vinapandwa karibu karibu, vingetaka mistari miwili au mitatu kwa kila tuta, na kwa bei ya gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, sijaona hesabu ikikaa sawa. Mahindi na mpunga hata nisianze. Nyanya, hoho, tikiti, matango, hizo ndizo zinazobeba gharama ya mipira.

Na kama una fedha ya kitu kimoja tu, chimba bwawa. Mipira iache kwanza. Mmoja wa wale wajane alifanya hivyo mwaka jana: bwawa dogo kuliko langu, pampu ya kuazima kwangu, mpira wa kawaida wa bustani, na majani makavu yametandazwa juu ya matuta yote kuzuia jua. Anamwagilia kila baada ya siku mbili badala ya kungoja kumi. Nyanya zake hazina kitako cheusi. Petroli anaweka ya kwake, na pampu hunirudishia kila Jumamosi jioni ikiwa imefutwa tope.